Mto Hauanzi Darajani

Mazungumzo ya redio juu ya amani, kama yalivyosomwa hewani, kwa jamaa zilizokimbia makwao na viongozi wa mitaa ya Kimanga

 

Leo nataka tuongee juu ya mto. Mara nyingi hapa tunaongea juu ya bunduki, juu ya kisasi, juu ya uchaguzi, na mtu anaweza kuniuliza mto umeingiaje katika mambo ya amani. Nitawaambia umeingiaje. Asubuhi moja nilisimama kando ya Kalimabenge, wamama wakichota maji. Mama mmoja aliyekimbia kutoka milimani alikuwa anafua nguo za watoto juu ya mawe. Mama mwingine, mwenyeji wa mtaa, akamwambia: "Ninyi wadeplase ndio mmetuharibia mto." Yule wa kwanza hakujibu. Alizikusanya nguo zikiwa bado na sabuni, akaziweka kwenye beseni, akaondoka. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyeita polisi. Lakini mimi nimesomea sheria, nimezoea kuona kesi zinapofika kwa hakimu zikiwa zimekwisha kukomaa. Siku ile niliona kesi ikiwa bado mbegu.

Maneno yale, "mmetuharibia mto," ndiyo ninayotaka tuyapime kwa historia. Nani aliuharibu, na lini? Na mto ni wa nani, hata mtu aseme "wetu" na mwenzake akose la kujibu?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika hapa Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Walikuwa wanatafuta chanzo cha mto Nili. Walikuwa wamesikia kwamba kaskazini mwa ziwa kuna mto mkubwa unaoitwa Ruzizi, na walitumaini kwamba mto huo unatoka ziwani kwenda kaskazini mpaka Misri. Wakawauliza wenyeji. Wana wa mtawala wa hapa wakawajibu bila kusita: Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Burton alisikia, akahuzunika, akarudi. Huko Ulaya mabishano yakaendelea kana kwamba hakuna mtu aliyewajibu. Ikabidi Novemba 1871 Livingstone na Stanley wapande mtumbwi kutoka Ujiji, waje mpaka mdomoni pa Ruzizi, waone kwa macho yao maji yakiingia ziwani. Miaka 13 ilipita kwa jambo ambalo mtoto wa hapa mwenye mbuzi watatu angewaonyesha kwa kidole.

Sisemi hivyo ili tuwacheke wazungu. Tutaona baadaye kwamba sisi wenyewe tuna ugonjwa huo huo wa kumuuliza mtu anayejua, kisha tukaacha kumsikia.

Sasa tutazame mito yetu midogo: Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira na mingine inayokata mji. (Ninaposema Mulongwe ni ule mto wa hapa mjini, si ile Mulongwe ya Fizi penye kambi ya wakimbizi wa Burundi. Watu wengi wanachanganya.) Mito hii si mirefu. Inazaliwa juu katika milima ya Mitumba, kwenye sehemu zinazopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nayo inashuka mpaka ziwani, ambako ni mita 770 hivi. Hebu fikiri: mteremko wote huo kwa mwendo ambao mtu mwenye miguu mizuri anaumaliza kwa siku moja. Maji yakishuka hivyo hayaji peke yake. Yanakuja na udongo, na mchanga, na mawe makubwa kama mbuzi aliyelala. Yakifika chini, mahali ambapo mlima umekwisha na tambarare inaanza, yanapoteza nguvu na kutua mzigo. Mwaka huu yanautua hapa. Mwakani pale palipojaa panakuwa juu, basi maji yanatafuta njia nyingine pembeni. Ndivyo mito ya namna hii ilivyofanya tangu zamani za mababu, na ndivyo ulivyopatikana huu uwanja ambao mji wetu umejengwa juu yake. Ukichimba msingi wa nyumba katika Uvira unakuta mchanga na mawe ya mviringo. Mawe hayo yaliletwa na nani? Yaliletwa na mto. Sisi sote, mwenyeji na mgeni, tumekaa juu ya mzigo wa mto.

Ukilielewa jambo hili utaelewa kwa nini kuchimbua mto peke yake hakutoshi. Kila masika mzigo unashuka tena. Na kadiri mlima unavyovuliwa nguo, yaani miti na majani, mzigo unaongezeka. Ziwa nalo likijaa, kama lilivyojaa mwaka 2021 na tena mwaka 2024 mpaka nyumba za kando yake zikaingiwa na maji, mto haupati mahali pa kumwaga vizuri, unarudi nyuma na kufurika mjini.

Je, wakubwa wa zamani hawakuliona hilo? Waliliona. Wabelgiji, katika miaka ya mwisho ya 1940 na miaka ya 1950, walikuwa na kazi maalum katika Kivu ya kuzuia udongo usishuke. Watu walilazimishwa kuchimba mifereji kukata mteremko na kupanda ua wa majani. Ukiitazama kama mtaalamu wa udongo, kazi ile haikuwa mbaya. Lakini ilifanywa kwa amri, na asiyechimba aliadhibiwa. Mkulima hakuona kwamba anaponya shamba lake. Aliona anafanya kazi ya Bula Matari. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, watu wakaiacha mifereji ijae, mahali pengine wakifurahi.

Kisha ikaja salongo. Vijana wa leo wanalitumia neno hili kwa kila kazi ya pamoja, lakini wazee wanakumbuka lilikotoka. Katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, ilikuwa amri kwamba kila juma watu watoke kufagia barabara, kufyeka na kuzibua mitaro. Mitaro mingi ilizibuliwa kweli. Lakini kulikuwa na watu wenye jembe na watu wenye orodha, na mwenye orodha hakushika jembe kamwe. Aliyekosa alilipa faini, na faini haikujulikana imeingia mfuko gani. Utawala ule ulipodhoofika, salongo nayo ikadhoofika, mitaro ikarudi kuwa jalala.

Mnaona? Mara mbili, utawala mbili tofauti, kazi nzuri ikafa kwa sababu moja. Mtu aliyeifanya hakuwahi kuulizwa. Nawaomba mashefu mnaonisikia mlipime hili vizuri kabla hamjatoa tangazo lingine la salongo lenye faini.

Baadaye ikaja miaka ambayo wengi wetu tunaikumbuka, au tuliibebwa mgongoni. Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, na Warundi wengi wakavuka Ruzizi kuja upande wetu. Mwaka 1994 wakafuata Wanyarwanda. Katika tambarare ya Ruzizi kukawa na makambi mengi, na kabla ya vita vya 1996 wakimbizi katika eneo la Uvira walikuwa zaidi ya 200,000. Watu wote hao walihitaji kuni za kupikia na miti ya kusimamishia hema. Miti ilikatwa, nani atakataa? Oktoba 1996 vita vikaingia, Uvira ikachukuliwa, makambi yakavunjika kwa siku chache, na sisi wenyeji nasi tukawa wakimbizi. Wengine walipanda milimani, wengine walivuka ziwa kwenda Kigoma.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama na yule mama wa Kalimabenge. Ukisema "waliokimbia ndio walioharibu," tueleze ni waliokimbia gani. Wa 1994? Wewe mwenyewe wa 1996 uliyekata mti mlimani ili mtoto asilale kwenye mvua? Wa milimani walioshuka miaka hii kwa sababu vijiji vyao vilichomwa? Au wale wa Desemba 2025, vita vilipofika mjini na maelfu yetu tukavuka kwenda Burundi na bidoni na godoro? Katika eneo hili hakuna ukoo, uwe wa Bavira, Bafuliiru, Banyindu, Babembe, Banyamulenge au Barundi, ambao haujawahi kukata kuni za mtu mwingine ukiwa njiani. Na wakati wa amani makala zinazopanda bei sokoni hazinunuliwi na wadeplase. Zinanunuliwa na sisi wenye nyumba. Mti ukianguka mlimani, sufuria inachemka mjini.

Sasa nifike mwaka 2020, na hapa nitasema jambo ambalo si rahisi kwangu.

Baba yangu mdogo alinunua kiwanja karibu na Mulongwe. Kilikuwa bei nafuu, na muuzaji alikuwa na karatasi yenye muhuri na saini. Baba mdogo aliniletea karatasi ile kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya sheria. Niliisoma. Niliutazama muhuri, niliitazama saini, nikamwambia: "Baba, karatasi ni nzuri." Sikwenda kukiona kiwanja. Ningekwenda, ningeona mawe ya mviringo uani, na ningejua mto ulishawahi kupita pale. Na sheria nilikuwa naijua: sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema wazi kwamba mahali mto unapopita ni mali ya Leta, mpaka pale maji yanapofika wakati wa mafuriko ya kawaida. Hapauzwi. Muhuri wa ofisi yoyote hauwezi kupauza. Nilijua, na sikuunganisha nilichojua na kilichokuwa mbele yangu.

Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, tarehe 16 na 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha. Mulongwe na mito mingine ikatoka katika njia zake. Mnalikumbuka lile sauti, kama malori yanashusha mawe gizani. Watu zaidi ya 40 walikufa. Kwa hesabu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, watu karibu 80,000 waliguswa na mafuriko hayo, wengi wakabaki bila nyumba. Daraja la Mulongwe likaharibika, mji ukawa vipande viwili. Mitambo ya maji ya Regideso ikapigwa, mabomba yakakauka. Na kumbukeni ilikuwa wakati wa Korona: shule zilikuwa zimefungwa, tunaambiwa tusikae karibu karibu, na hapo hapo jamaa kumi zinalala katika darasa moja.

Baba mdogo na watoto wake walitoka salama, namshukuru Mungu. Nyumba haikuacha hata mlango. Asubuhi alinikuta mbele ya darasa walilopewa, akanionyesha ile karatasi. Ilikuwa mfukoni mwake, imelowa, muhuri ungali unaonekana. Hakunilaumu kwa neno. Ingekuwa afadhali anilaumu.

Kwa hiyo ninapowaambia mashefu kwamba kiwanja cha kando ya mto kisiuzwe, sisemi kama mtu aliyekaa juu ya kiti. Na wewe uliyekimbia, unayetafutiwa leo "mahali pa bei nafuu" pa kusimamisha hema, usitazame muhuri kwanza. Tazama mawe. Muulize mzee wa avenyu maji yalifika wapi mwaka 2020. Anajua, atakuonyesha alama kwenye ukuta. Ukiambiwa usijenge pale, si kwamba unafukuzwa kama mgeni. Naye shefu anayemwambia mdeplase "hapa hapafai," ana deni la kumwonyesha mahali panapofaa, vinginevyo amemhamisha tu kutoka kwenye maji hadi barabarani. Deni hilo naona wengi tunalikwepa.

Turudi kwenye maji yenyewe, maana mto si wa kuogopwa tu. Mto ni wa kuishi nao. Watoto wetu wamejifunza kuogelea pale unapokutana na ziwa. Vijana wanapiga mpira kwenye mchanga wakati wa kiangazi. Wamama wanafua, wanaongea, wanapeana habari ambazo redio hazina. Mabomba ya Regideso yanategemea maji ya Mulongwe. Maji yakija na tope jingi, mtambo unashindwa kuyasafisha vizuri. Umeme ukikatika, unasimama. Na mtambo ukisimama, hatari inajulikana. Wachunguzi walilinganisha daftari la uzalishaji wa maji la Uvira na daftari la kituo cha kutibu kipindupindu, tangu 2009 mpaka 2014. Waligundua kwamba baada ya siku ambayo mtambo haukutoa maji kabisa, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kipindupindu walikuwa zaidi ya mara mbili kuliko baada ya siku ya maji ya kutosha. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alihusiana na kukosekana kwa maji ya bomba. Basi udongo unaoachiliwa mlimani unaweza kumlaza mtoto wa mjini kitandani, na mtoto huyo haulizwi kabila lake anapowekewa sindano ya maji.

Udongo huo huo unakwenda mpaka ziwani. Uvira ina kituo cha uchunguzi wa ziwa tangu miaka ya 1950, na wachunguzi wa Tanganyika katika miaka ya 1990 waliandika kwamba mahali tope linapofunika mawe ya kando, aina za samaki na viumbe vingine zinapungua. Mvuvi wa Kalundu naye ana haki ya kuuliza habari za mlima.

Nini kimefanyika? Baada ya 2020 mto ulichimbuliwa kwa mashine, wanajeshi wa MONUSCO wa Pakistani wakisaidia, na kingo zikawekewa gabioni, yaani vile vikapu vya waya vilivyojazwa mawe. MONUSCO iliondoka Kivu Kusini mwaka 2024. Mashine hazipo kila siku. Waya za gabioni kuna watu wanazikata usiku kwenda kufungia mbuzi na kutengeneza majiko, na mnawajua. Vijana wa mitaa wanatoka na majembe na vitoroli kuzibua, mara nyingi bila hata kupewa chai. Nimewaona katika kundi moja mwenyeji ameshika jembe, mdeplase ameshika kitoroli, na baada ya saa moja hakuna aliyekumbuka nani ni nani mpaka wakati wa kugawana maji ya kunywa. Hapo ubaguzi ulirudi kidogo, sitawadanganya.

Na hapa nataka kuwatetea watu ambao hulaumiwa kila mwaka: wavunja mawe na wachota mchanga. Wengi ni wajane na wanawake waliokimbia, kwa sababu kazi hiyo haidai mtaji, inadai nyundo. Kila mafuriko yakija tunasikia tangazo la kuwafukuza mtoni. Ndugu zangu, fikirini. Shida ya mto wetu ni mawe na mchanga kujaa katikati. Hawa watu wanaondoa mawe na mchanga. Kosa liko mahali wanapochimba. Ukichimba ukingoni, unabomoa ukuta unaoilinda nyumba ya jirani. Ukichimba katikati, pale palipoinuka, unaupa mto nafasi. Kinachotakiwa ni shefu, wenye nyumba za kando na hao wavunja mawe wakae pamoja, waweke alama: kutoka mti huu mpaka jiwe lile chimba, kutoka hapa usiguse. Na kingo zipandwe mianzi na matete, ambayo mizizi yake inashika. Jambo hilo halidai mfadhili. Linadai kikao, na kikao kinadai kwamba mama mwenye nyundo apewe kiti kama wengine.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, tena ana wajibu wa kuyatetea. Kifungu cha 48 kinaweka haki ya kupata maji ya kunywa. Nimezisoma sentensi hizo mara nyingi nikitafuta neno "mwenyeji." Halimo. Kifungu cha 53 kimeandika mtu. Aliyefika jana na beseni kichwani ana haki ile ile, na ana wajibu ule ule, kwa hiyo asiseme "mimi ni mpita njia tu" anapotupa uchafu mtoni. Haki na wajibu vimekuja katika kifungu kimoja, huwezi kuchukua nusu.

Lakini nirudi kwenye jambo lililo gumu kuliko yote. Vitu vyote nilivyovitaja, gabioni, kuzibua, mianzi, viko mjini. Na mto hauanzi darajani. Unaanza kule juu, katika mashamba na malisho ya watu ambao baadhi yetu hatusalimiani nao tena. Tunaweza kuzibua hapa Kimanga kila Jumamosi mpaka mikono iote sugu. Kama mlima uko uchi, mzigo utashuka tena. Mnajua yaliyotokea Kalehe Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa kwa maji na tope lililotoka mlimani. Mnajua ya Kasaba, kule Fizi, Mei 2025. Si mbali, na milima ni ile ile.

Kwa hiyo anayetaka mto utulie lazima aongee na anayelima juu na anayechunga juu. Hii si ndoto. Katika tambarare ya Ruzizi wakulima na wafugaji wamewahi kukaa chini, katikati ya uhasama, wakapatana njia za kupitishia ng'ombe na nani alipe shamba likiliwa. Mapatano hayo yalivunjwa mara nyingine, yakarudiwa. Hata nchi zimeweza: bwawa la umeme la Ruzizi ya pili, lililozinduliwa mwaka 1989, ni mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, na lilibaki mali ya watatu hata katika miaka ambayo majeshi yalikuwa yanapigana. Nchi nne za ziwa zilitia saini mkataba wa kulilinda Tanganyika mwaka 2003 huko Dar es Salaam. Wakubwa wanaweza kuweka saini juu ya maji wakiwa wamenuniana. Basi sisi wa mto mmoja mdogo hatuna kisingizio.

Mtaniuliza: tutapandaje milimani kuongea, na njia hazina usalama? Swali ni la haki. Sitawaambia mpande kesho. Lakini wa milimani wako hapa. Wamepanga katika vyumba vyenu vya nyuma, wamelala katika makanisa yenu.

Nilihudhuria kikao kimoja cha mtaa juu ya mto. Kulikuwa na shefu, wazee, vijana wa salongo, watu wa mashirika na kalamu zao. Waliongea saa mbili juu ya mahali pa kuweka gabioni. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa mama mmoja aliyeshuka kutoka milimani, mtoto mgongoni. Mwishoni shefu akauliza kwa desturi tu kama kuna mwenye neno. Mama akasema: "Mimi nimelima miaka mingi pale maji yanapotokea. Najua kilima gani kinaporomoka kwanza, na mwaka gani kilianza. Tangu nifike hapa nimeulizwa kadi yangu ya deplase mara nyingi. Hili hakuna aliyeniuliza."

Watu walinyamaza. Shefu, mtu mzima, alisimama akamletea kiti chake mwenyewe, akamwambia: "Njoo hapa mbele, mama, utuonyeshe." Hakukuwa na ramani. Mama alichukua kijiti, akainama pale sakafuni penye vumbi, akaanza kuchora vijito kimoja kimoja akivitaja majina. Vingine hata wazee wa Uvira walikuwa hawajawahi kuvisikia. Tulipotoka giza lilikuwa limeingia, na vijana wawili walibaki na daftari wakinakili michoro ile kabla watu hawajaikanyaga.